Ploti iliyokuwa kituo cha mafuta, Lunga Lunga: muuzaji ananionyesha ripoti ya "udongo safi". Niiamini?

karatasi_na_wino aliandika:

Wadau, hamjambo. Mimi na mume wangu tuna kiwanda kidogo cha kuchapisha: vitabu vya risiti, kalenda, maboksi ya keki, kadi za harusi msimu ukifika. Tumekuwa wapangaji Kariobangi Light Industries kwa miaka mingi na kodi imetuchosha. Sasa tumepata ploti ya nusu ekari pembeni mwa Barabara ya Lunga Lunga, huku Industrial Area. Bei iko chini ya majirani wote, na hapo ndipo wasiwasi wangu ulipoanzia.

Zamani palikuwa na kituo cha mafuta. Pampu ziling'olewa, mwavuli ukauzwa chuma chakavu, pakawa yadi ya malori, halafu wakaja jamaa wa kuchomelea mageti. Sasa hakuna kitu ila zege lililopasuka na nyasi. Nikiuliza kuhusu matangi, muuzaji ananijibu kwamba "yalishughulikiwa". Yalitolewa? Yalijazwa mchanga? Yapo? "Yalishughulikiwa, mama, usijali."

Amenipa ripoti ya kurasa sita yenye sahihi na muhuri. Inasema walichimba mashimo matatu kwa mkono, kina cha mita moja, na ramani inaonyesha yote matatu yako karibu na geti la mbele. Maabara ilipima kitu kimoja tu, jumla ya mafuta kwenye udongo, na mashimo yote matatu yameandikwa "haikugunduliwa". Hitimisho: eneo halina uchafuzi.

Lakini juzi fundi wetu alichimba shimo la nguzo kule nyuma, upande unaoteremka kuelekea Mto Ngong. Mvua ilinyesha usiku. Asubuhi shimo limejaa maji, na juu yake kuna utando wa rangi rangi na harufu ambayo siwezi kusema ni ya nyasi. Muuzaji anasema ni oili ya malori ya zamani, ya juu juu tu.

Pia kuna kisima kirefu kwenye ploti, na ana karatasi ya kuonyesha kwamba maji yake yalipimwa na hayana shida. Tulikuwa tumepanga kuchimba chumba cha chini cha kuhifadhi karatasi, kwa sababu hapo juu nafasi itakuwa ya mashine.

Naomba anayejua anisaidie: ripoti hii inatosha? Na kama haitoshi, nidai nini? Sitaki kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

beba_murram alijibu:

Nunua dada. Industrial Area nzima imelalia mafuta, ukitafuta ploti safi utazeekea Kariobangi. Mwaga murram, mimina zege nzito, weka mashine, kazi iendelee. Hakuna mtu hula udongo.

daftari_la_shimo alijibu:

Huyu wa murram nitamrudia.

Dada yangu, mimi kazi yangu ni kuchimba mashimo ya kuchunguzia. Nilianza kama kijana wa kubeba vyuma vya mtambo, leo ndiye ninayeshika daftari na kuandika kinachotoka ardhini. Nimesoma ripoti nyingi za kurasa sita. Nyingine ni fupi kwa sababu palikuwa safi kweli, lakini nyingi ni fupi kwa sababu mashimo yalikuwa mafupi.

Hebu lifikirie tangi lenyewe. Juu yake huwekwa udongo na zege, karibu mita moja hivi. Kisha tangi lenyewe, kipenyo mita mbili au zaidi. Maana yake tumbo lake liko kina cha mita tatu na kuendelea. Hao jamaa walichimba mita moja. Hawajafika hata mgongo wa tangi! Halafu wakachimba getini, mahali magari yalipoingilia, si mahali mafuta yalipokaa. Maabara ikisema "haikugunduliwa" hapo haijadanganya mtu. Ilipewa udongo ambao petroli haikuwa na sababu ya kuufikia.

Mafuta kwenye kituo huvuja mahali panapojulikana. Kwanza, pale lori la mafuta linapomiminia, kwa sababu ya kujaza kupita kiasi na mipira inayodondosha kila likija. Pili, maungio ya mabomba kati ya tangi na pampu; hayo ndiyo wezi wakubwa kwa sababu yamezikwa na hakuna anayeyaona. Tatu, chini ya pampu zenyewe. Nne, tangi likioza, na mara nyingi huoza chini, sawasawa na pale kijiti cha kupimia kinapogonga kila asubuhi kwa miaka. Mchunguzi anayejua kazi anaanza kwa kuyatafuta hayo manne kwenye ramani, ndipo anaamua achimbe wapi. Akikosa ramani, kuna chombo cha kusukumwa juu ya ardhi kama mashine ya kukata nyasi, kinatuma mawimbi chini na kuonyesha chuma kilichozikwa. Ila kwenye udongo wetu mweusi chombo hicho huona karibu tu, mfinyanzi hunyonya mawimbi, kwa hiyo mimi huongezea kile cha sumaku.

Sasa udongo wa huko Lunga Lunga. Juu ni ule mweusi wa pamba unaonata kwenye gumboot, mita chache tu. Chini yake mwamba wa fonolaiti uliooza, halafu fonolaiti yenyewe ngumu. Waliojenga kituo walivunja mwamba kuingiza tangi, wakazungushia mchanga. Umeelewa walichotengeneza? Beseni. Mvua inaingia kwenye mchanga, mwamba hauipitishi haraka, maji yanakaa, na kama tangi linavuja petroli inaelea juu ya hayo maji kwa sababu ni nyepesi. Beseni likijaa, linamwagikia wapi? Kwenye mtaro wa mabomba, kwenye mtaro wa maji taka, kwenye nyufa za mwamba. Na huo udongo mweusi watu husema ni mfinyanzi, haupitishi kitu. Nenda ukauangalie mwezi wa Februari, umepasuka nyufa za kuingiza mkono.

Kwa hiyo shimo lako la nguzo, upande wa mteremko, halinishangazi hata kidogo.

Fanya jambo moja kabla hujamlipa mtu yeyote. Rudi kwenye hilo shimo na kijiti kikavu. Uvuruge ule utando. Ukivunjika vipande vipande vyenye kona, kama kioo kilichopasuka, na vipande vikabaki mbalimbali, huenda ni bakteria wa chuma tu, wanapatikana kwenye maji yaliyotuama popote. Ukizungukazunguka halafu ukajikusanya tena mara moja, hayo ni mafuta. Usiinamishe uso kunusa, na asiwepo mtu na sigara.

Kisima kirefu: hicho hakina neno la kusema kuhusu jambo hili. Visima vya Nairobi vinachota maji mbali sana chini, mamia ya mita mara nyingi, na bomba limezibwa sehemu ya juu. Wewe shida yako iko mita nne, mita nane. Tena mimi ningeogopa kinyume: kama kile kisima hakikuzibwa vizuri pembeni ya bomba, ndicho njia ya mkato ya kuteremsha petroli kwa maji ya chini. Ukifika pale, angalia juu ya kisima. Kama bomba limetoka ardhini bila zege kulizunguka, na maji ya mvua yanaingia pembeni, andika hilo kwenye orodha yako.

Bwana wa murram: kweli hakuna anayekula udongo. Lakini huyu dada anataka chumba cha chini. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini na kujaa mahali pa chini. Chumba cha chini chenye karatasi, stima na mashine karibu. Fikiria hilo. Tena sote tulio Nairobi tunakumbuka tarehe 12 Septemba 2011 pale Sinai, hatua chache kutoka huko huko Lunga Lunga. Petroli ilitoka kwenye bomba ikaingia kwenye mtaro wa maji, moto ukaifuata. Watu zaidi ya mia walikufa. Sisemi ploti hii ni Sinai. Nasema petroli iliyo kwenye mtaro haiulizi mpaka wa ploti ya mtu.

karatasi_na_wino aliandika:

Mzee, ahsante sana. Nimetoka huko sasa hivi. Nimevuruga na kijiti cha mnyaa. Utando ulizunguka ukarudi, tena haraka. Mume wangu alisimama mbali akinicheka, alipoona ulivyorudi akanyamaza.

Nimeangalia kisima pia. Bomba limesimama lenyewe kwenye udongo, kuna kikaratasi cha nailoni kimefungwa juu na waya.

Sasa nimpe muuzaji masharti gani? Na mtaalamu nitamjuaje? Kila mtu ana muhuri siku hizi.

kijiti_cha_dipu alijibu:

Dada, kabla ya mtaalamu tafuta mtu aliyefanya kazi pale. Nilikuwa pampu miaka mingi, si kituo hicho, lakini nakwambia hakuna ripoti inayojua kituo kama kijana aliyekuwa akipima tangi saa kumi na mbili asubuhi.

Tulikuwa tunapaka dawa fulani kwenye ncha ya kijiti, ya kutafuta maji. Ikigusa petroli haibadiliki. Ikigusa maji inageuka nyekundu. Tangi zuri lina maji kidogo sana chini. Kulikuwa na tangi moja ambalo kila mvua za Aprili nyekundu inapanda, tunanyonya maji, wiki ijayo imepanda tena. Meneja anasema ni kifuniko cha juu kinaingiza mvua. Kifuniko kikabadilishwa, nyekundu ikaendelea kupanda. Halafu kiangazi maji hayaingii, ila hesabu ya petroli inaanza kupungua. Mzee daftari ataeleza vizuri, lakini sisi vijana wa pampu tulijua zamani: mvua ikiwa nyingi maji ya nje yanaingia tangini, jua likiwaka petroli inatoka nje. Tundu ni lile lile.

Kwa hiyo tafuta mlinzi wa zamani, muuza chai aliyekuwa hapo nje, jirani mwenye gereji. Uliza swali moja: kulikuwa na tangi lililoachwa kutumika? Lipi, na upande gani?

daftari_la_shimo alijibu:

Huyu ndugu wa dipu ameniokolea kurasa tatu. Alichosema ndicho kweli, na ningependa kila mshauri aliyevaa kofia ngumu mpya akisome. Kule Marekani, mwenye kituo anayefuatilia uvujaji kwa njia ya hesabu anatakiwa alinganishe kila mwezi mafuta yaliyoingia, yaliyouzwa na yaliyobaki, na tofauti ikizidi asilimia 1 ya mauzo kuongeza galoni 130, yaani karibu lita 490, anapaswa kushuku uvujaji na kuchunguza. Lita 490 kwa mwezi! Na hiyo ndiyo inayoonekana. Chini ya hapo inaweza kutoka kidogo kidogo miaka mitano na vitabu vikawa sawa. Ndiyo maana muuzaji akikwambia "hesabu zetu hazikuwahi kupotea", hajakwambia kitu.

Sasa kuhusu mtaalamu. Muhuri usikusumbue. Mtu awe amesajiliwa na NEMA, mamlaka ya mazingira, sawa, huo ni mlango wa kuingilia tu. Muulize maswali haya na umsikilize anavyojibu.

Utajuaje mahali pa kuchimba? Akijibu "tutagawanya ploti miraba sawa", muage. Akianza kuuliza mabomba yalipita wapi, kituo kilifungwa mwaka gani, na kama kuna mpango wa kufunga kituo uliowahi kupelekwa NEMA, mkalishe, mpe chai.

Utachimba mpaka wapi? Jibu ni mpaka uchafu uishe au maji yapatikane, si "mita tatu". Kila udongo unaotoka unatiwa kwenye mfuko wa plastiki, unafungwa, unaachwa juani dakika chache, kisha unatobolewa tundu dogo na kuingizwa ncha ya kile kidude cha kupima mvuke wanachokiita PID. Namba inaandikwa kwa kila kina. Sampuli inayoenda maabara ni ile yenye namba kubwa zaidi na ile ya pale udongo unapokutana na maji. Nimeona mtu anachagua sampuli za maabara kwa macho, anaacha ile ya kijivu yenye harufu kwa sababu "itachafua sanduku". Petroli hugeuza udongo kuwa wa kijivu kijanikijani hivi, kwa sababu vijidudu vinavyoila vinamaliza hewa yote. Hiyo ya kijivu ndiyo unayoitafuta! Ila kama kituo kiliuza dizeli zaidi, PID itakunong'oneza tu, dizeli haitoi mvuke wa kutosha. Hapo pua na maabara.

Utaweka visima vya uchunguzi vingapi? Visipungue vitatu, visikae mstari mmoja, la sivyo hutajua maji yanaelekea wapi. Midomo ya mabomba ipimwe kwa dampi leveli, kile chombo cha kupimia usawa wa ardhi, maana tofauti ya sentimita chache ndiyo inayoamua mwelekeo. Kwenye mteremko wako ningeweka kimoja juu, kabla ya matangi, kwa sababu jirani wa juu naye anaweza kuwa ndiye mchafuzi. Hili watu husahau kabisa. Wananunua ugomvi wa jirani.

Na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo kazi nyingi huharibika. Bomba la kisima lina sehemu yenye nyufa ndogo za kuingiza maji. Petroli inaelea. Kama fundi ataweka nyufa zote chini ya kiwango cha maji, petroli itabaki juu ikigonga bomba lisilo na tundu, na kisima kitakuonyesha maji safi mpaka siku ya kiama. Nyufa lazima zianzie juu ya maji na kuendelea chini yake, na ziache nafasi ya maji kupanda mvua za Machi mpaka Mei. Juu ya nyufa bentonaiti, ule udongo unaovimba ukinywa maji, ili mvua isiteremke pembeni ya bomba. Mabomba yaunganishwe kwa kuzungushwa nyuzi. Si gundi! Mafundi wetu wa maji wanapenda ile gundi ya PVC kama nini, na ina viyeyushi ambavyo vitatokea kwenye majibu ya maabara, halafu muuzaji atakwambia "mmechafua wenyewe". Na atakuwa na haki.

Mtambo wa hewa unaovunja fonolaiti nao una mambo yake. Ile hewa inapeperusha petroli kutoka kwenye udongo kabla hujaichukua, na kompresa mbovu inatema oili yake ndani ya shimo. Udongo uchukuliwe kwa mkono au kwa bomba la kugonga mpaka mwamba unapokataa. Hewa iingie baada ya hapo.

Maji yasichotwe siku ile ile ya kuchimba. Yaachwe yatulie, kisima kisafishwe, ndipo mtu arudi. Kwanza anashusha kipimo kinacholia sauti moja kikigusa mafuta na nyingine kikigusa maji. Kama kuna mafuta yanayoelea, hiyo pekee ni jibu, na usishtuke ukiambiwa unene wake, kwa sababu ndani ya bomba huonekana mnene kuliko ulivyo kwenye udongo. Kisha maji yatiwe kwenye chupa ndogo za mililita 40, zenye asidi kidogo, zijazwe mpaka maji yavimbe juu ya mdomo, zifungwe. Igeuze chini juu, igonge kwa kidole. Ukiona kiputo cha hewa, chupa hiyo ni ya kutupa, kwa sababu benzini, ile sumu nyepesi iliyo ndani ya petroli, inahamia kwenye kiputo. Zilale kwenye barafu, na maabara izipime ndani ya siku 14. Anayechota maji kwa chupa ya soda ya nusu lita, mwambie aende nayo nyumbani.

Na wapime nini? Si "jumla ya mafuta" peke yake. Wapime benzini, toluini, ethilibenzini na zailini, kila moja kivyake, pamoja na jumla ya mafuta iliyogawanywa, nyepesi na nzito. Benzini ndiyo inayoua na ndiyo inayosafiri na maji. Shirika la Afya Duniani linaiwekea maji ya kunywa mwisho wa mikrogramu 10 kwa lita. Ripoti iseme wazi inalinganisha na kiwango gani. Washauri wengi hukopa viwango vya Uholanzi: udongo ukifika miligramu 5,000 za mafuta kwa kilo, au benzini 1.1, wao wanaingilia kati. Kwa maji ya chini benzini yao ni mikrogramu 30 kwa lita. Kukopa si dhambi, ila aseme amekopa. Maabara nayo iwe na ithibati ya KENAS, shirika la Kenya la kuthibitisha maabara, kwa vipimo hivyo hivyo, si ithibati ya kupima unga.

Jambo la mwisho, na hili ni la kwako kwa ajili ya mazungumzo ya bei. Omba wapime pia madini ya risasi na ethilini dibromaidi, kemikali iliyotiwa kwenye petroli yenye risasi. Petroli yenye risasi iliondolewa huku kwetu Afrika kusini mwa Sahara kufikia Januari 2006. Ikipatikana kwenye udongo wa chini ya tangi, una uvujaji wa zamani, wa wakati pampu zilikuwa zinafanya kazi. Hadithi ya "malori" inaisha hapo hapo. Malori ya yadi yalimwaga oili na dizeli, hayakumwaga petroli ya 2003 kwenye kina cha mita nne.

wakili_wa_ghorofa_ya_tatu alijibu:

Nimefuata uzi huu kwa makini, nitaongeza machache.

Usilipe amana isiyorudishwa. Mkataba useme ununuzi unategemea uchunguzi utakaofanywa na mtaalamu utakayemchagua wewe, na muuzaji aruhusu kuchimba. Sehemu ya bei ibaki kwenye akaunti ya mawakili mpaka majibu yatoke. Weka kipengele cha muuzaji kubeba gharama ya uchafuzi uliokuwepo kabla ya siku ya kuhamisha hati, na majibu ya maabara ya leo yaambatanishwe kama picha ya hali ilivyokuwa. Bila hiyo picha, miaka mitano baadaye mtabishana nani alimwaga.

Kwa nini hii ni muhimu: chini ya sheria ya mazingira ya 1999, EMCA, kifungu cha 108, NEMA inaweza kutoa amri ya urejesho. Mwenye kushika hati ndiye anayepatikana kwa urahisi. Aliyeuza atakuwa ameshahamia Kitengela na namba mpya ya simu. Watu wa Thange, Makueni, ambako bomba la mafuta lilivuja mwaka 2015 likachafua mto na visima, wanajua vizuri kesi ya aina hii inavyokula miaka.

Historia ya ploti itafute Ardhisasa, mfumo wa serikali wa ardhi mtandaoni, na kwenye mafaili ya mipango ya kaunti. Ukiona ombi la kubadilisha matumizi ya ardhi, soma viambatisho vyake, si barua ya kwanza tu. Mchoro wa kituo mara nyingi umo humo.

beba_murram alijibu:

Sawa wazee, narudi nyuma. Ila gharama je? Hawa watu wa visima wanaweza kula bei ya ploti.

daftari_la_shimo alijibu:

Hawawezi kula bei ya ploti nusu ekari ya Industrial Area, ila watauma. Kinachouma zaidi ni kuleta mtambo na majibu ya maabara, na hapo ndipo watu wanapunguza mahali pabaya. Punguza mashimo yasiyo na sababu. Usipunguze kina, usipunguze chupa za benzini. Mashimo matano yaliyo mahali pake yanaambia mengi kuliko kumi na mawili ya miraba sawa. Na ufanye kwa awamu: kwanza makaratasi na mashahidi, pili udongo, tatu visima vya maji kama udongo umesema ndiyo. Awamu ya kwanza haigharimu zaidi ya nauli na chai, na huyu dada ameshaianza.

Halafu si kila uchafu ni wa kuchimbwa wote na kupakiwa lori. Petroli iliyokoma kuvuja huliwa na vijidudu, taratibu, hasa penye hewa. Pengine utaambiwa ng'oa tangi, toa udongo wa beseni, acha maji ya chini yafuatiliwe. Pengine utaambiwa usahau tu hicho chumba cha chini na ujenge ghorofa juu. Hayo ni majibu ya kufanyia hesabu ya bei. "Yalishughulikiwa" si jibu.

karatasi_na_wino aliandika:

Nimerudi na habari.

Nimempata muuza chai. Mama mmoja yuko kwenye kibanda ng'ambo ya barabara tangu kituo kikiwa wazi. Nilinunua mandazi nikauliza swali la ndugu wa dipu kama alivyoliandika. Hakufikiri hata: "La kati. Lile la petroli. Walilifunga kabla ya kufunga vingine, wakawa wanatumia mawili." Akanionyesha kwa kijiko cha sukari. Ni upande wa nyuma, mita kama kumi na tano ukipanda mteremko kutoka shimo langu la nguzo. Na hajawahi kuona kreni ikitoa kitu. Mageti, pampu, mwavuli aliona vikibebwa. Tangi hapana.

Muuzaji nimempelekea masharti ya wakili. Alikasirika, akanikatia simu, kisha jioni akapiga mwenyewe. Anakubali tuchimbe, ila kwa gharama yetu, na kama ni safi tununue kwa bei ile ile. Nimemwambia kama si safi tutaongea bei upya kwa majibu ya maabara, si kwa maneno. Amesema ataongea na ndugu zake. Kumbe hati ina majina matatu.

Mzee daftari, swali la mwisho. Mvua bado zinanyesha. Tuchimbe sasa au tungoje pakauke? Mtaalamu mmoja ameniambia tungoje Januari ndiyo gari lake lifike. Na lile shimo la nguzo tufanye nini?

daftari_la_shimo alijibu:

Usingoje. Mvua ikiwa juu, maji ya beseni yanafurika na unaona yanakoelekea, hutapata nafasi hiyo Januari. Lakini usiishie hapo. Maji yakipanda yanafunika petroli iliyonaswa kwenye udongo, kisima kinaweza kuonekana hakina mafuta yanayoelea, halafu kiangazi maji yakishuka ile petroli inateremka na kujitokeza. Kwa hiyo visima vikiwekwa sasa, vipimwe sasa na virudiwe Februari. Iandikwe kwenye mkataba wako na mtaalamu, mara mbili, bei moja.

Huyo wa kungoja gari amesema kweli kwa upande wake, lori la mtambo mkubwa litazama kwenye ule mweusi mpaka ekseli. Mwambie aanze na mtambo wa kubebwa na watu wawili, udongo mpaka mwamba. Fonolaiti itangoja lori.

Hayo majina matatu kwenye hati mpelekee wakili leo, wote watatu waweke sahihi ya ruhusa kabla chuma hakijagusa ardhi.

Shimo la nguzo lisizibwe. Lifunikwe kwa ubao, lizungushiwe mabati na kamba, watoto wanaopitia huko wasiingie, na lile tope lililotoka liwekwe juu ya karatasi ya nailoni, lifunikwe, lisisambazwe kwenye ploti. Fundi wa geti ahamishe nguzo. Na yeyote anayechomelea karibu na hapo, hata kwa dakika moja, asimame kwanza mpaka mtu wa PID apite kwenye manholi zote za barabara ile.